Ugonjwa usiopona si ugonjwa usiotibika



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia neno moja tu, tena la Kiingereza: “terminal”. Huenda mtu akauliza neno la Kiingereza lina uhusiano gani na afya ya familia zetu hapa Kiwira. Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Daktari huliandika neno hilo kwenye daftari la mgonjwa, mgonjwa anarudi nalo nyumbani, na kila ndugu analitafsiri anavyojua. Mmoja anasema, “Wameshindwa.” Mwingine anasema, “Wametufukuza.” Wa tatu anauliza kama ng'ombe auzwe ili mgonjwa apelekwe Dar es Salaam. Na mgonjwa mwenyewe, ambaye kitanda chake kipo nyuma ya pazia, anasikia minong'ono yote, lakini hakuna anayemweleza kitu.

Tafsiri hizo zote mbaya zinaumiza watu kuliko tunavyofikiri. Kwa hiyo tulichunguze neno lenyewe.

Kwanza, si neno geni majumbani mwetu. Kijana anayesoma sekondari hulisema kila mwezi wa sita: anafanya mtihani wa “terminal”, yaani mtihani wa kufunga muhula. Mzee aliyestaafu hulisikia anapofuatilia mafao yake ya kuacha kazi. Fundi wa magari, au yule anayefunga umeme wa jua, atakuonyesha teminali mbili za betri, chanya na hasi, na kukuonya usizichanganye. Anayesafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, husubiri katika jengo la abiria linaloitwa kwa jina hilo hilo. Na mabasi yanayotoka Kyela na Tukuyu na kupita hapa kwetu kwenda Dar es Salaam, zamani yalikuwa yakiishia Ubungo. Tangu mwaka 2021 huishia katika kituo kikuu cha Magufuli pale Mbezi Luis, na Waingereza wangekiita kituo hicho kwa neno hilo pia.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya zamani ya Kanisa. “Terminus” ni mpaka, na hasa jiwe au kigingi cha mpaka. Warumi wa kale, kabla ya Ukristo, waliuheshimu mpaka kiasi cha kuufanya mungu mdogo na kumwekea sikukuu mwezi wa pili. Sisi wa Rungwe, ambako ardhi ni finyu na kesi za mipaka hazimaliziki barazani, hatuwezi kuwacheka sana.

Sasa angalieni jambo moja. Mwanafunzi akimaliza mtihani wa muhula hafi, anakwenda likizo. Kwenye teminali ya betri ndipo umeme unapoingia na kutoka. Ukiiondoa, betri ni sanduku la risasi na asidi tu. Abiria akisikia kondakta anaita “mwisho wa gari”, hakai kitini akalia. Anashuka, anatafuta mizigo yake, anaulizia gari la kwenda anakokwenda. Hata wakulima wa chai wa Katumba na Mwakaleli wanalo neno hili shambani mwao bila kulijua. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi la kileleni, na wataalamu wa mimea huliita chipukizi hilo “terminal”. Ndilo lenye uhai kuliko sehemu nyingine zote za tawi, na likichumwa, machipukizi ya pembeni huamka na mchai hutanuka.

Ni hospitalini tu ambako neno hili linachukuliwa kama mlango uliofungwa. Na hata huko, sivyo elimu ya uuguzi inavyofundisha.

Daktari akisema ugonjwa ni “terminal”, anasema hivi: kwa elimu na dawa zilizopo leo, ugonjwa huu hauwezi kuondolewa mwilini, unaendelea, na unatarajiwa kuwa ndio utakaoleta kifo cha mgonjwa. Basi. Hajasema siku. Hajasema kwamba maumivu hayatulizwi. Hajasema mgonjwa asirudi tena hospitalini, wala asipewe dawa.

Wengi huchanganya hali hii na umahututi. Mtoto mwenye malaria kali aliyepoteza fahamu ni mahututi, na akiwahishwa dripu na dawa, wiki ijayo anacheza mpira. Kinyume chake, mama mwenye saratani iliyokwisha kusambaa anaweza leo kwenda sokoni kwa miguu yake, akabishania bei ya viazi na kurudi kupika. Huyu si mahututi, ingawa ugonjwa wake hauponi. Tena kuna ugonjwa sugu, kama shinikizo la damu na kisukari, ambao hauponi lakini ukifuata masharti unaweza kuzeeka nao.

Sikilizeni pia maneno “kwa elimu na dawa zilizopo leo”. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa binadamu, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa akihesabiwa siku. Miaka ya 1990 hapa kwetu Mbeya tulizika vijana wiki hadi wiki kwa UKIMWI, na hakuna daktari ambaye angesita kuutia katika kundi hili. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, watu waliokwisha kuandaliwa sanda wamelea watoto na kuona wajukuu. Neno lile lilikuwa kweli wakati liliposemwa, kisha likaacha kuwa kweli. Hata makadirio ya muda hukosewa. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 21, kwamba ana kama miaka miwili ya kuishi. Alifariki mwaka 2018. Simtaji ili kila mgonjwa ajitumainishe miaka 50, kwa maana hali ya aina yake ni nadra mno. Namtaja ili familia ikiambiwa “miezi mitatu”, ijue kwamba hilo ni kadirio la binadamu.

Nije sasa kwenye Kiswahili chetu, maana kosa kubwa lipo humo. Watu wengi, hata redioni, hutafsiri hali hii kuwa “ugonjwa usiotibika”. Kwa maoni yangu tafsiri hiyo si sahihi na ina madhara. Kutibu na kuponya ni vitu viwili. Kutibu ni kumhudumia mgonjwa kwa dawa na uangalizi. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Fundi mifupa anaweza kukutibu mguu na ukabaki unachechemea. Ugonjwa usiopona bado unatibika: maumivu yanatibika, kichefuchefu kinatibika, kuhema kwa shida kunapunguzwa, vidonda vinasafishwa, hofu inasikilizwa. Tukisema “usiotibika”, tunawaambia wauguzi wapumzike, na tunamwambia mgonjwa kwamba kilio chake cha usiku hakina wa kukijibu. Tuseme “usiopona”. Tofauti ni ya neno moja, lakini familia itakayolielewa itadai huduma, na ile isiyolielewa itakaa kimya.

Huduma hiyo ina jina. Wataalamu wetu wanaiita tiba shufaa. Shufaa ni kumwombea au kumtetea mtu, neno ambalo majirani zetu Waislamu wanalifahamu zaidi. Neno la Kizungu la huduma hiyo linatokana na Kilatini “pallium”, joho la kufunika. Waamini wanaikumbuka palio, ile kanda ya sufu nyeupe ambayo Maaskofu Wakuu huvaa mabegani, na ambayo jimbo letu la Mbeya liliifahamu kwa karibu lilipofanywa Jimbo Kuu mwishoni mwa mwaka 2018. Ni neno lile lile. Mgonjwa anafunikwa asipigwe na baridi, hata kama baridi yenyewe hatuwezi kuifukuza.

Mpango wa kisasa wa huduma hii ulianzia London, daktari Cicely Saunders alipofungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher mwaka 1967. Kwetu Afrika Mashariki ilifika Nairobi mwaka 1990, kisha Kampala mwaka 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman, ambaye awali alikuwa mtawa wa shirika la kimisionari la madaktari na wauguzi. Hapa Tanzania hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa za kwanza, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo inayofahamika zaidi. Merriman alitilia mkazo dawa moja ya bei nafuu: mofini ya maji, ya kunywa. Unga wa mofini unachanganywa na maji, unatiwa kwenye chupa ya plastiki, na mgonjwa anapimiwa kiasi chake kila baada ya saa nne, nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, si madaktari peke yao. Kwa mahali kama kwetu, ambako daktari yuko mbali na muuguzi yuko karibu, naona njia hiyo ndiyo yenye akili.

Mofini inaogopwa bure. Wapo wasemao itamfanya mgonjwa awe teja, wapo wasemao ni sindano ya kumwua. Mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa kipimo alichoandikiwa, kwa sababu ya maumivu ya kweli, kwa kawaida hawi teja, na kipimo sahihi hakimwui. Siku za kwanza anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, kisha hali hiyo hupungua. Choo kitafunga, na hili halipungui lenyewe, kwa hiyo aombewe dawa ya kulainisha choo siku ile ile. Na kwa wale wanaodhani Mkristo hana budi kuvumilia maumivu ili apate thawabu, Kanisa halijafundisha hivyo. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba kutuliza maumivu kwa dawa hizi ni halali, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaitaja huduma hii kuwa tendo la mapendo la kuhimizwa. Kinachokatazwa ni kukusudia kuua.

Kuna jambo la nyumbani ambalo halihitaji daktari. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya kulalia mgongoni na nyongani. Shuka inyooshwe, isiwe na mikunjo. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo. Mgonjwa mwenye kinywa kikavu anateseka kuliko mwenye njaa. Chakula kiwe kidogo, mara nyingi, na laini: uji, maziwa, mbalaga iliyopondwa sana. Lakini asilazimishwe. Mwili unaokaribia safari hukataa chakula wenyewe, na kijiko kinachosukumwa mdomoni kwa upendo kinaweza kumpalia. Kidonda chenye harufu kisifichwe kwa aibu wala kwa manukato, muulizeni muuguzi, kwani ipo dawa ya kukiwekea inayoua harufu. Na mwenye kumwuguza apokewe zamu. Mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha shule au ni mkwe, halafu sisi wengine tunakuja jioni, tunasema “ndaga”, tunakaa nusu saa na kuondoka. Wanawake wa WAWATA na jumuiya ndogo ndogo wanajua kupanga zamu ya kupamba altare. Zamu ya usiku kwa mgonjwa hupangwa vivyo hivyo.

Nageukia suala gumu zaidi, la kumwambia mgonjwa. Desturi yetu ni kumficha. “Bibi asijue, atakata tamaa.” Kwa kawaida bibi anajua. Anauona mwili wake, anaona watoto waliokuja ghafla kutoka Tunduma na Dar es Salaam, na anaona jinsi kila mtu anavyocheka kupita kiasi. Anachokosa ni mtu wa kusema naye. Sisemi aambiwe kwa ukali, au aambiwe yote kwa mara moja. Aulizwe kwanza: “Mama, ungependa tukueleze alivyosema daktari, au tumweleze baba peke yake?” Akitaka kujua, aelezwe ukweli kwa lugha yake, pamoja na yale yatakayofanywa ili asiteseke. Akitaka kunyamaza, aheshimiwe.

Faida yake si ya maneno tu. Mtu anayejua huandika wosia. Huonyesha mipaka ya shamba la chai na la migomba wakati bado anaweza kutembea, na mjane wake haamki siku ya arobaini akakuta vigingi vimehamishwa. Husema nani anamdai na nani anadaiwa naye. Waliokaa miaka 20 bila kufunga ndoa hufunga. Ndugu wasiosemezana husemezana. Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, aliendelea na usuluhishi wa mgogoro wa Burundi mjini Arusha hadi mwaka ule ule wa mwisho wake. Mgonjwa bado ana kazi.

Hapo ndipo Kanisa nalo lilipolazimika kurekebisha neno lake. Wazee wetu walikuwa wakisema “Mpako wa Mwisho”. Padre akionekana na chupa ya mafuta, majirani walianza kutafuta mbao za jeneza, na kwa hiyo familia zilichelewa kumwita hadi mgonjwa alipokwisha kupoteza fahamu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliona heri sakramenti hiyo iitwe Mpako wa Wagonjwa, kwa sababu si ya wale tu walio ukingoni mwa kufa, na Papa Paulo VI akatoa utaratibu wake mpya mwaka 1972. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado hapa Kiwira Paroko anaitwa saa nane za usiku. Mwiteni mchana, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala.

Na fedha. Neno “wameshindwa” ndilo linalouza ng'ombe. Familia ikidhani hospitali imeshindwa, huanza kuhangaika: leo kwa mganga wa kienyeji anayemtaja shangazi kuwa mchawi, kesho kwa mhubiri mwenye mafuta, keshokutwa basi la Dar es Salaam. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakafia kwenye foleni ya magari. Walikuwa watu ambao hakuna aliyewaeleza kilichobaki kufanywa kwa ajili yao.

Sisemi kila safari ni bure. Mionzi, kwa mfano, huweza kupunguza maumivu ya mifupa au kuzuia damu hata pale isipoweza kuponya, na hiyo inaweza kustahili nauli. Kwa hiyo kabla ya kuuza kitu, mwulizeni daktari, iwe ni Igogwe, Makandana mjini Tukuyu au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya: “Safari hii ni ya kuponya au ya kutuliza? Kama ni ya kutuliza, hapa karibu haiwezekani?” Daktari mwema hatakasirika. Na akiwajibu kwa Kiingereza, mwombeni arudie kwa Kiswahili. Mna haki hiyo.

Niseme kwa kifupi, kwa kuwa linastahili makala yake: saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi hufika kwenye neno hili kwa kuchelewa tu. Kipimo chake cha kutumia siki ni cha dakika chache, na chanjo ya wasichana ilianza nchini kote mwaka 2018. Akina baba msizuie.

Kwa familia zenye mgonjwa nyumbani sasa hivi: andikeni kwenye karatasi saa za dawa na mbandike ukutani, pamoja na namba ya simu ya muuguzi. Dawa ya maumivu inywewe kwa saa, hata kama mgonjwa haumwi wakati huo, kwa sababu maumivu yakisharudi yanahitaji nguvu zaidi kuyatuliza. Maumivu yakizidi katikati ya saa, msiongeze kipimo kwa kukisia, pigeni simu. Chupa iwekwe mahali pasipofikiwa na watoto, na mtu mmoja awe ndiye anayepima. Wala msingoje iishe kabisa. Ikibaki ya siku tatu, mmoja wenu aondoke asubuhi na daftari la mgonjwa, kwa sababu magari ya Jumapili ni machache na duka la dawa la hospitali huenda limefungwa.